Kompyuta ndogo ya bei nafuu: ununue au uache?

Bumu limeingia. Unasoma SAUT, pale Malimbe, na mjini Mwanza umeona kompyuta mpakato ndogo, mpya, nyepesi, bei yake haitishi. Kabla hujatoa hela, hebu tuone ndani yake kuna nini.

Kompyuta za aina hii zilipata umaarufu kuanzia 2007, ASUS walipotoa Eee PC. Wazo bado ni lile lile: prosesa inayokula umeme kidogo. Mfano ni Intel Celeron N4020, iliyoundwa kwa wati 6 tu. Piga hesabu: betri ya wati-saa 36, kompyuta nzima ikila wati 6 pamoja na kioo, inakupa saa 6. Umeme ukikatika saa moja jioni, unaandika mpaka saa saba usiku. Na kwa kuwa joto ni dogo, nyingi hazina feni, kwa hiyo hazivuti vumbi ndani.

Sasa udhaifu. Chukulia RAM ni meza, hifadhi ni kabati. Meza ya GB 4 inajaa haraka: kurasa kumi za intaneti, Word, na kipindi cha Zoom. Hapo kompyuta inaanza kuhamishia vitu kabatini na kuvirudisha. Kabati lenyewe mara nyingi ni eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD. Ndiyo maana inaganda, wala si kirusi.

Kuna kubwa zaidi. eMMC, na mara nyingi RAM pia, zimechomelewa kwenye bodi. Fundi hawezi kukuongezea kirahisi. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ukinunua yenye hivyo tu, unaanzia ukingoni. Na bodi ikifa, tasnifu yako inaweza kwenda nayo. Weka nakala kwenye flashi kila wiki, usisubiri.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni kuandika na kusoma PDF, nunua bila wasiwasi. Kama unahariri video au unachakata data nyingi, bora iliyotumika yenye SSD na RAM inayoongezeka, ila kagua betri kwanza.

Ukifika dukani uliza mawili tu: "Hifadhi ni SSD au eMMC? RAM inaongezeka?" Muuzaji akibabaika, mwombe aiwashe ujionee mwenyewe.