Je, Wajua? Jicho la Bandia Nalo Hutoka Matongotongo

Je, wajua kwamba jicho la bandia si gololi? Ni kigamba kilichobonyea kama kombe la pwani, kinachokaa nyuma ya kope juu ya utando ulio hai. Tezi ya machozi bado ipo, kwa hiyo machozi hayakomi.

Wajua matongotongo hutoka wapi? Kwenye utando huo, si kwenye plastiki. Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa saba mchana, vumbi limetanda na mfanyabiashara anapepeta pilipili: plastiki haisikii kitu, utando unasikia kila kitu, nao hutoa ute ili ujikinge. Ukipata mafua, ute huongezeka.

Ute mweupe kidogo asubuhi ni kawaida. Funga kope, futa kwa kitambaa safi chenye unyevu ukielekea puani. Ukifuta kwenda nje, jicho linaweza kugeuka au kuchomoka. Pembe ya kanga iliyoshinda sokoni siyo kitambaa safi, tafadhali.

Je, wajua kulitoatoa huenda kukazidisha uchafu? Watafiti wa New Zealand waliona wanaolitoa mara kwa mara ndio wenye ute mwingi zaidi. Wengi hulala nalo, huoga nalo, hutawadha nalo. Ratiba yako muulize fundi aliyekutengenezea.

Siku ya kulitoa, nawa mikono kwanza, tandika taulo, ziba tundu la sinki. Lioshe kwa sabuni isiyo na manukato na maji safi ya vuguvugu, ulisuuze vizuri. Spiriti na kitakasa mikono, hapana! Huitia plastiki nyufa ndogondogo.

Kabla ya plastiki kilikuwa kioo: huko Lauscha, Ujerumani, macho ya kioo yalianza kutengenezwa mwaka 1835. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokatiza upatikanaji wa kioo hicho, mafundi wa meno ya bandia katika jeshi la Marekani wakageukia plastiki ya akriliki. Plastiki hiyo huchubuka, na mikwaruzo usiyoiona hukwangua kope kila unapopepesa. Ndiyo maana hung'arishwa kila mwaka, na hubadilishwa baada ya miaka 5 hivi.

Usaha wa njano au kijani, harufu, damu, maumivu? Usinunue matone dukani kwa kubahatisha. Kutoka Kariakoo hadi idara ya macho Muhimbili, Upanga, si mbali; hospitali ya CCBRT iko Msasani. Nenda leo. Na lile jicho moja linaloona, livalishe miwani imara ili kulilinda.