Nani Alikwenda Kuona? Uandishi wa Habari Katika Zama za Simu ya Mkononi

Januari 11, 2022 gari lililobeba waandishi wa habari kutoka Mwanza liligongana na basi dogo la abiria eneo la Nyamikoma, wilayani Busega, katika mkoa wetu wa Simiyu. Waandishi hao walikuwa katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, wakielekea Ukerewe kuangalia miradi ya maendeleo. Watu 14 walifariki dunia. Miongoni mwao alikuwamo mwandishi wa ITV, mwingine wa Uhuru Digital, mwingine wa Habari Leo Digital, pamoja na maofisa habari wa Mkoa wa Mwanza na wa Ukerewe.

Ndugu msomaji, ukiisoma orodha hiyo taratibu utaona jinsi kazi ya habari ilivyobadilika. Uhuru na Habari Leo tuliyazoea kama magazeti ya karatasi. Leo yana watu wanaoandaa habari kwa ajili ya mtandao. Mikoa na halmashauri nazo zina maofisa habari wao, ambao hupiga picha na kuzirusha moja kwa moja kwa wananchi. Lakini orodha hiyo inatuonyesha pia jambo ambalo halijabadilika. Ili mtu wa Bariadi asome habari ya Ukerewe akiwa amekaa kibarazani, lazima mtu mwingine aage nyumbani kwake na kwenda Ukerewe. Tunapotafakari uandishi wa habari katika zama hizi za kidijitali, tuanze na swali hili: habari iliyofika kwenye simu yangu, nani alikwenda kuiona?

Kazi mbili zilizokuwa pamoja

Uandishi wa habari una kazi mbili. Ya kwanza ni kushuhudia: kwenda mahali, kuona, kuuliza watu na kuthibitisha. Ya pili ni kusafirisha: kuifikisha habari kwa watu wengi. Tangu gazeti la Msimulizi lilipoanza kuchapwa na wamisionari wa Kianglikana huko Zanzibar mwaka 1888, kazi hizi mbili zilikaa chini ya paa moja. Mitambo ya kuchapia ilikuwa ghali, na ya redio vilevile. Aliyemiliki mitambo ndiye aliyeajiri waandishi, na kila habari ilipita mikononi mwa mhariri.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 sauti iliyosikika karibu kila kijiji ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1994 Radio One na ITV zilianza, na baadaye zikaja redio za mikoani na za Kanisa, kama Radio Kwizera ya Ngara na Radio Maria. Hapa Simiyu tuna Sibuka FM ya Maswa. Magazeti yalichapwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, mara nyingi yakisomwa siku moja au mbili baada ya kutoka.

Simu imezitenganisha kazi hizo mbili. Leo kijana wa Lamadi mwenye bando la siku anaweza kufikisha picha kwa watu elfu moja kabla ya chai kupoa. Kusafirisha kumekuwa rahisi, na ni kazi ya kila mtu. Kushuhudia kumebaki na gharama ileile: nauli, muda, mafuta, ujasiri wa kuuliza na uvumilivu wa kusubiri upande wa pili ujibu. Kwa sababu kusafirisha ni rahisi, tunasahau kwamba kushuhudia hakukufanyika.

Fedha zimehama

Gazeti halikuwahi kuishi kwa bei ya nakala peke yake. Liliishi kwa matangazo ya biashara. Sasa sehemu kubwa ya matangazo imehamia kwenye mitandao mikubwa kama Google na Facebook, ambayo haina mwandishi hata mmoja Meatu wala Itilima. Wasomaji nao wamezoea kupata habari bure. Vyombo vya habari vimepunguza wafanyakazi, na mikoani ndiko makali yanakosikika zaidi.

Waandishi wengi wa mikoani ni wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila habari inayotumika. Mtu wa namna hiyo akitaka kwenda kijiji cha ndani Meatu kufuatilia kisima kilichokauka, nauli huitoa mfukoni, na huenda habari yenyewe isitumike. Ikitokea ziara ya kiongozi, kuna gari. Matokeo yake tunayaona: habari nyingi kutoka mikoani ni za ziara, uzinduzi na maagizo ya viongozi. Si lazima ziwe za uongo. Lakini kisima cha kijiji ambacho hakijatembelewa na kiongozi hubaki bila msemaji.

Tukubali pia mema ya mtandao. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo habari za Bariadi zilikuwa kona ndogo ya habari za Shinyanga. Leo mwananchi anaweza kupiga picha ya daraja lililobomoka na kiongozi akaiona siku hiyohiyo. Mkulima anaweza kuuliza kuhusu mbegu na kupata jibu. Sauti zilizokuwa hazisikiki zimepata njia, na hilo ni jema.

Uvumi unapoua

Hata hivyo, sisi wa Usukumani hatuna haja ya kufundishwa kwamba neno linaweza kuua. Kwa miaka mingi bibi zetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya imani zilizopitishwa kutoka mdomo hadi mdomo. Hayo yalitendeka hata kabla ya simu janja kutufikia. Sasa fikiria ujumbe wenye jina na picha ya mtu, unaomwita mchawi au mwizi wa watoto, ukizunguka katika makundi kumi ya WhatsApp kwa usiku mmoja.

Katika mila zetu kulikuwa na mwano, ule ukunga wa hatari. Ukipigwa, waliousikia hawakukaa nyumbani wakiurudia tu. Walitoka kwenda kuona. Na aliyeupiga alijulikana, kwa hiyo aliweza kuulizwa. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauna mpigaji anayejulikana, na wengi wanaoupokea huurudia bila kutoka nje. Umekuwa mwano usio na mwenyewe.

Sheria na mipaka yake

Serikali imejaribu kuliweka jambo hili chini ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kudanganya au kupotosha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa wajisajili na kulipa ada. Juni mwaka huo jukwaa la JamiiForums lilizimwa kwa muda.

Hapa pana ugumu ambao Mkristo hapaswi kuukwepa. Sheria hiyohiyo inayomtisha mwongo inaweza kumnyamazisha msema kweli, hasa yule maskini asiye na wakili. Na watu wakinyimwa habari za kweli hawaachi kutafuta habari, huuendea uvumi. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Panahitajika dhamiri.

Kanisa linatufundisha nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica, juu ya vyombo vya upashanaji habari, Desemba 4, 1963, na tangu mwaka 1967 Kanisa huadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Katika ujumbe wake wa mwaka 2018 Papa Fransisko alizungumzia habari za uongo, akirejea hila za nyoka katika kitabu cha Mwanzo: uongo hushika kwa sababu umefanana na ukweli. Mwaka 2021 alichagua maneno ambayo Filipo alimwambia Nathanaeli: "Njoo uone". Alionya juu ya habari zinazotengenezwa mbele ya kompyuta bila mtu kutoka kukutana na watu, na akawashukuru waandishi wanaohatarisha maisha yao ili sisi tujue.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tuliangalie neno kushuhudia. Anayesambaza asichokijua anajifanya shahidi wa jambo ambalo hakuliona.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize chanzo. Nani aliona, wapi, lini? Picha ya mafuriko inaweza kuwa ya kweli, lakini ya nchi nyingine na ya miaka mitano iliyopita. Siku hizi hata sauti na video za watu hutengenezwa kwa akili mnemba.

Pili, turudi kwa mwenye habari. Ujumbe ukisema bei elekezi ya pamba imebadilika, jibu liko Bodi ya Pamba au kwenye chama chenu cha msingi. Ukisema padre fulani amefariki, pigia parokia simu. Kuna pia huduma za uhakiki kama JamiiCheck na NuktaFakti.

Tatu, tusisambaze picha za marehemu wala za majeruhi. Mama asipokee habari ya kifo cha mwanawe kwa kuona mwili wake kwenye kundi la WhatsApp.

Nne, tuwasaidie wanaokwenda kuona. Kununua gazeti, kuchangia redio, kumpa mwandishi maelezo ya kweli na kumheshimu anapouliza maswali magumu, hata kuhusu sisi wenyewe, ni namna ya kuupenda ukweli.

Kwa mafrateri na waseminari kuna neno la ziada. Waamini huamini kinachotoka mimbarini kuliko kinachotoka kwenye simu. Mkianza utume, msipeleke altareni kisa mlichotumiwa asubuhi na msiyemjua. Tembeleeni jumuiya ndogo ndogo, kaeni na wazee, sikilizeni pande zote mbili za ugomvi kabla ya kuuzungumzia. Siku Bwana atakapowapa kundi la kuchunga, kondoo watajua kama mchungaji wao aliwaona au alisimuliwa tu.