Makocha watatu, mtoto mmoja



Hapa Sakania, kila jioni malori yanapopanga mstari kungoja mpaka wa Zambia, watoto wetu wako kwenye mpira. Juma hili tunaongea juu ya mtoto anayecheza katikati, yule wanayemwita namba 10. Kazi yake ni kuinua kichwa, kuona wenzake wako wapi, na kumpa mmoja wao mpira kwa wakati wake.

Katika masomo yetu tunaye mmoja wa namna hiyo, ana miaka 12. Wakati wa mapumziko, na mpira wa masashe, anaona njia ambazo sisi tunaosimama kando hatuzioni. Lakini kwa mwaka mmoja amepita mikononi mwa makocha watatu. Wa kwanza alimwacha katikati. Wa pili alipanga wanne nyuma, wanne katikati na wawili mbele, akamtuma pembeni kukimbia tu. Wa tatu anataka kushinda kila siku ya posho, na anapiga kelele: "Tosha mupira! Tosha!" Mtoto akajifunza kupiga mbali bila kuangalia. Siku moja akasema: "Mama, niko naogopa mupira." Mama yake akaja kutuuliza: nimtoe?

Tulimjibu hivi. Mpango wa kocha si mbaya. Ni namna ya kugawa kazi kati ya watu 11, kama sisi tunavyogawa kazi siku ya matanga: huyu maji, huyu bukari, huyu kupokea wageni. Lakini mtoto wa miaka 12 bado anajifunza. Sisi walimu tunajua mwanafunzi anayekariri ukurasa mzima bila kujua herufi: ukimfungulia ukurasa mwingine, ananyamaza. Herufi za mpira ni kutazama kabla ya kupokea, kutumia miguu yote miwili, na kuchagua mwenyewe. Hizo anazipata vizuri katika kikundi kidogo, wanne kwa wanne, ambapo mpira unamfikia kila mara. Kwenye uwanja mkubwa anaweza kukimbia muda mrefu bila kuugusa.

Kubadilishwa nafasi pia si dhambi. Rainford Kalaba, mzaliwa wa Kitwe, ng'ambo tu ya mpaka wetu, alicheza pembeni na alicheza katikati. Alibeba Kombe la Afrika na Zambia mwaka 2012, kisha kombe la mabingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015. Ubaya ni kumhamisha mtoto bila kumweleza sababu, na kumtukana anapokosea. Mtoto anayeogopa kukosea haangalii tena. Anautupa mpira ili asigombezwe.

Yule mama hakwenda kugombana. Alikwenda na wamama wawili wa kikundi chetu, wakamsalimia kocha kwa heshima, wakauliza maulizo matatu:

1. Mtoto wetu anajifunza nini mwezi huu?
2. Akikosea, unamwambia nini?
3. Mazoezi yanamwachia saa ngapi za kusoma?

Kocha alishangaa, lakini alijibu. Alikubali kuwachezesha wanne kwa wanne kabla ya mazoezi makubwa, na kumrudisha mtoto katikati. Siku ya posho bado anapiga kelele. Basi mama ameamua: mtoto anabaki, lakini mara mbili tu kwa juma mpaka mtihani wa mwisho wa shule ya msingi upite. Tunaona amefanya vema. Mguu unaweza kuumia siku moja, masomo yanabaki.

Na mtu akija kwenye lupango lako kuomba franka ili ampeleke mtoto Bulaya, usitoe kitu. Njoo kwanza kwenye kikundi tuzungumze.

Wamama wenye mabinti, haya ni yenu pia. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe walibeba kombe la mabingwa wa Afrika. Nao pia walianza wakiwa wadogo, wakijifunza kupokea mpira.

Siku ya posho hii twende uwanjani. Tusipige kelele "tosha". Tukae, tuangalie kama mtoto wetu anainua kichwa.