Mlango wa gereji na uzito unaofichwa na mota

Katika nyumba nyingi za Marekani, kitu kizito kuliko vyote kinachosogezwa kila siku ni mlango wa gereji, yaani chumba cha kuegeshea gari ambacho aghalabu huwa kimeungana na nyumba yenyewe. Mlango wa gereji ya magari mawili huwa na upana wa karibu mita 5 na kimo kinachozidi kidogo mita 2, na uzito wake, kutegemea kama ni wa bati la chuma au wa mbao, huweza kupita kilo 100. Hata hivyo ukiwa mzima mtu wa nguvu za kawaida huuinua kwa mkono mmoja, na mota ndogo iliyofungwa darini huupandisha na kuushusha bila taabu. Wepesi huo hautokani na mlango wala na mota, bali na springi, na kwa kuwa springi ni kifaa chenye umri unaohesabika, matunzo ya mlango wa gereji ni, kwanza kabisa, kazi ya kuhakikisha kwamba uzito ule bado unabebwa na kile kilichowekwa kuubeba.

Mlango wa aina hii ulibuniwa mwaka 1921 na Mmarekani C. G. Johnson, ambaye badala ya mbao mbili zinazofunguka kwa pembeni aliunda mlango unaopanda juu, na mwaka 1926 akaongeza mashine ya umeme ya kuufungua. Umbo lake la leo ni la vipande vipana, ambavyo mafundi huviita paneli, vilivyoshikanishwa kwa bawaba na kubebwa na magurudumu madogo yanayopita ndani ya reli mbili, ambazo husimama wima kandokando ya mlango, kisha hupinda na kulala sambamba na dari. Juu ya mlango hupita mhimili wa chuma uliovikwa springi ya kujisokota: mlango unaposhuka, kebo za chuma zilizofungwa kwenye pembe zake za chini huuzungusha mhimili na kuikaza springi, na mlango unapopanda, nguvu iliyohifadhiwa katika mkazo huo hurudishwa na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuuinua. Ipo pia springi ya kuvutika, inayonyooshwa kando ya reli za juu, ambayo hupaswa kupitishiwa waya wa usalama katikati yake ili itakapokatika vipande visiruke na kumjeruhi mtu.

Springi ya kawaida ya nyumbani hutengenezwa kwa makadirio ya mizunguko 10,000, na mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga mara moja. Familia inayoutumia mlango mara nne kwa siku humaliza mizunguko 1,460 kwa mwaka, kwa hiyo springi yake hukadiriwa kufikia ukomo kabla ya miaka saba kutimia. Na kwa sababu familia nyingi huingia na kutoka kupitia gereji kuliko kupitia mlango wa mbele, hesabu hiyo huweza kuwa fupi zaidi. Kinachoimaliza springi ni uchovu wa chuma, yaani hali ya chuma kinachokazwa na kulegezwa mara nyingi kufanya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, nyufa ambazo hukua taratibu mpaka siku moja chuma hukatika kwa kishindo kinachosikika nyumba nzima. Kutu huiharakisha siku hiyo, kwa kuwa kila doa la kutu ni mahali ambapo ufa hupata pa kuanzia.

Kabla ya kukatika, springi huweza kulegea, na hapo ndipo mota inapogeuka kuwa mfichaji wa ugonjwa. Kadiri springi inavyopungukiwa na nguvu, mzigo uliokuwa wake huhamia kwenye mota ambayo haikuundwa kuinua mlango bali kuuongoza tu. Gia zake huanza kulika na reli inayobeba mkono wake hupindishwa, lakini mwenye nyumba, ambaye hukutana na mlango wake kwa kubonyeza rimoti akiwa ndani ya gari, huona mlango ukifunguka kama jana na juzi. Anapoitwa fundi kwa sababu mota imeungua, mara nyingi mota hubadilishwa huku chanzo kikiachwa, na mota mpya hurithi mzigo uleule.

Dawa ya ufichaji huo ni kuiondoa mota katikati kwa muda na kuupima mlango wenyewe. Mlango ukiwa umefungwa kabisa, mwenye nyumba huvuta kamba nyekundu inayoning’inia kwenye reli ya mota, ambayo kazi yake ni kuutenganisha mlango na mashine, kisha huuinua kwa mikono hadi nusu ya kimo na kupunguza nguvu za mikono polepole bila kuuachilia ghafla. Mlango wenye mizani hubaki pale ulipo. Unaoshuka unaonyesha springi iliyolegea, na unaovutwa juu unaonyesha springi iliyokazwa kupita kiasi. Sharti la kuanza na mlango uliofungwa si la kupuuzwa, kwa sababu kamba ikivutwa wakati mlango uko juu na springi imekatika, hakutakuwa na kitu cha kuuzuia usimwangukie aliye chini yake.

Kazi nyingine za matunzo ni nyepesi na hazihitaji zaidi ya kitambaa, spana na mafuta yanayofaa. Bawaba, springi na beringi za magurudumu, yaani vile vipete vyenye gololi vinavyoyawezesha kuzunguka, hupakwa mafuta ya silikoni au grisi nyeupe ya lithiamu, ilhali reli hufutwa tu na kuachwa kavu, kwa kuwa grisi iliyopakwa ndani yake hunasa vumbi na kugeuka ukoko unaoyakwamisha magurudumu. Mafuta mepesi ya kulegezea kutu, ambayo wengi huyakimbilia kwa sababu yapo kila duka, hukauka upesi na huweza kuiosha grisi iliyokuwapo. Mtikisiko wa kila siku hulegeza nati, kwa hiyo zile za reli na za bawaba hukazwa; lakini vishikizo vya pembe za chini, palipofungwa kebo, havifai kuguswa, kwa maana vimebeba mkazo wote wa springi. Kuikaza au kuibadilisha springi yenyewe ni kazi ya fundi mwenye vyuma maalumu vya kuizungushia, na jaribio la kuifanya kwa bisibisi limewavunja watu mikono.

Usalama wa watoto una historia yake ya kisheria. Kufuatia vifo vya watoto waliobanwa na milango iliyokuwa ikishuka, sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 iliagiza kwamba mota zote za nyumbani zinazotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya ziada dhidi ya kumbana mtu, na kinga iliyoenea zaidi ni sensa mbili zinazotazamana kwa mwali usioonekana, zikiwa zimefungwa si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Ulinzi huo hauna maana usipojaribiwa, kwani utando wa buibui huweza kuuziba mwali na fagio lililoangukia sensa huweza kuipindua. Ndiyo maana hushauriwa kila mwezi kukatisha mwali kwa kijiti wakati mlango unashuka, na kulaza sakafuni ubao wenye unene wa karibu sentimita 4 ili kuona kama mlango ukiugusa hurudi juu mara moja.

Dharura nazo zimeonyesha kwamba mlango huu ni sehemu ya uhai wa nyumba nzima. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida mwezi Agosti 1992, wahandisi waliochunguza mabaki waliona nyumba ambazo mlango wa gereji ulijikunja kwanza, upepo ukaingia, na shinikizo la ndani likasaidia kung’oa paa. Katika mioto ya Kaskazini mwa California ya Oktoba 2017, umeme ulipokatika, iliripotiwa kwamba baadhi ya waliofariki walishindwa kufungua gereji zao ili watoroke kwa gari, na jimbo likatunga sheria inayotaka mota mpya zinazouzwa kuanzia tarehe 1 Julai 2019 ziwe na betri ya akiba. Betri husaidia, lakini mzee anayejua kamba nyekundu iko wapi na ambaye springi yake ni nzima huweza kutoka hata betri ikiwa imekufa, ilhali springi iliyolegea humdhihirishia uzito uliokuwa ukifichwa na mota katika saa ambayo hana msaidizi.

Afrika Mashariki gereji za namna hii ni chache, lakini kanuni yake inaingia kwa kasi kupitia mageti ya umeme ya kuteleza yanayofungwa katika makazi ya Mbezi Beach au Nyali. Geti la kuteleza halina springi ya kubeba uzito, ila lina magurudumu na reli ambavyo mchanga na hewa ya chumvi huvila, na mota yake hulifunika tatizo kwa namna ileile mpaka siku umeme unapokatika na familia kugundua kwamba geti halisukumiki. Kulifungua kwa ufunguo wake wa dharura mara moja kwa mwezi na kulisukuma kwa mikono ni kipimo kinachotosha kuonyesha mapema kama magurudumu yamekwama.

Kwa kuwa umri wa springi ni hesabu, jambo la busara ni kuandika kwa kalamu ya wino, kwenye ukuta wa gereji au kwenye mlango wenyewe, tarehe ambayo springi ilifungwa, na anayenunua nyumba kuiulizia tarehe hiyo kama anavyouliza umri wa paa. Penye springi mbili, zote hubadilishwa pamoja hata kama iliyokatika ni moja, kwa sababu zimefanya kazi mizunguko sawa na ya pili haitachelewa kuifuata mwenzake. Gharama hiyo ikipangwa mwaka mmoja kabla ni gharama ya fundi aliyeitwa kwa miadi, na ikiachwa ijitangaze yenyewe huweza kuwa gharama ya mota, ya kebo, ya gari lililofungiwa ndani na, pasipo bahati, ya hospitali.