Namba ya Chasisi Kwanza, Spana Baadaye

Mwaka 2017 mkazi mmoja wa jimbo la Kansas, Marekani, alipeleka Chevrolet Corvette ya mwaka 1959 kukaguliwa ili aisajili. Alikuwa ameinunua kihalali kwa muuzaji wa magari wa jimbo la Indiana, ikiwa imeshakarabatiwa kwa ustadi. Mkaguzi alipokiangalia kibao kidogo chenye namba ya chasisi, aligundua kwamba kimewahi kung'olewa na kurudishwa, na kwamba riveti zilizokishika si za kiwandani. Hakuna aliyedai kwamba mnunuzi ni mwizi. Hata hivyo gari lilikamatwa, na sheria ya Kansas ya wakati ule ilitaka gari ambalo namba yake imechezewa liharibiwe. Kesi iliburuzwa kwa miaka, mpaka 2022 jimbo liliporekebisha sheria ili fundi anayekarabati gari la kale aweze kukitoa kibao hicho na kukirudisha pale kazi inapomlazimu.

Fundi yeyote wa bodi anajua jinsi jambo hilo linavyotokea. Huwezi kukwangua kutu ya miaka 60 na kupiga rangi vizuri huku vibao vimebaki mahali pake. Mkononi mwa fundi hiyo ni kazi safi. Kwa mkaguzi, ni alama ileile anayoiacha mwizi anapolivisha gari la wizi namba ya gari lingine. Chuma hakisemi ni nani kati yao aliyekishika. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kazi ya gari la kale huanzia kwenye karatasi, na anayeanza na spana hujitafutia hasara ambayo hata fundi bora hawezi kuirekebisha.

Tuanze na mpangilio wenyewe. Mtanzania amezoea kadi ya gari inayotolewa na TRA, na Mkenya ana logbook yake. Karatasi moja humtambulisha mwenye gari na gari lenyewe. Marekani kazi hiyo imegawanywa. Kuna hati ya umiliki, inayosema gari ni la nani, na kuna usajili, unaokupa pleti namba na ruhusa ya kuingia barabarani. Vyote viwili hutolewa na jimbo, si na serikali ya Washington, na majimbo yako 50, kila moja na utaratibu wake. New York, kwa mfano, haitoi hati ya umiliki kwa gari la mwaka 1972 au la nyuma zaidi. Kadi ya usajili ndiyo inayohamishwa kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Ukiipeleka kadi hiyo katika jimbo ambalo karani wake amezoea kuona hati, jiandae kueleza kwa utulivu, ikiwezekana ukiwa na maelezo rasmi ya New York mkononi.

Namba nayo ina historia. Tangu magari ya mwaka 1981, kila gari linalouzwa Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17, isiyo na herufi I, O wala Q, kwa kuwa ni rahisi kuzisoma kama 1 au 0. Kabla ya hapo kila kiwanda kilipiga namba kwa mtindo wake, nyingine fupi sana. Ukirudi nyuma ya katikati ya miaka ya 1950, majimbo mengi yaliandika kwenye hati namba ya injini. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana injini ndiyo kitu cha kwanza ambacho vijana wa California walikuwa wakikibadilisha walipounda magari yao ya kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Leo unaweza kukuta hati halali kabisa inayotaja injini iliyokwisha kuyeyushwa kama chuma chakavu.

Kwa Ford za 1932 hadi 1948 kuna nafuu. Kiwanda kilipiga namba hiyohiyo pia kwenye chasisi, juu ya mhimili wa kushoto, sehemu ambayo mara nyingi hufichwa na bodi. Chukua brashi ya waya, kitambaa chenye mafuta na tochi. Sugua taratibu bila kutumia mashine ya kusagia, kwa sababu herufi zilizopigwa miaka 80 iliyopita huwa na kina kidogo sana. Mashine ikipita juu yake mara moja tu, umejifutia ushahidi mwenyewe. Na kufuta au kubadilisha namba ya gari kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano. Sheria hiyo inampa nafasi fundi ambaye matengenezo yenyewe yanamlazimu kuigusa namba, lakini kama Kansas ilivyoonyesha, sheria ya jimbo inaweza kuwa kali zaidi.

Sasa twende kwenye swali gumu: gari lililojengwa upya ni gari gani? Ukichukua Chevrolet ya 1955, ukaifungua yote, ukabadilisha kilichooza na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, hilo bado ni gari la 1955 na hati yake inaendelea. Sheria ya California inasema wazi kwamba gari lililorudishwa katika umbo lake la awali kwa kubadilishiwa spea halihesabiwi kuwa limeundwa upya. Lakini ukichukua chasisi mpya ya kununua, bodi mpya ya chuma iliyofyatuliwa kwa umbo la Ford ya 1932, injini ya gari lililopata ajali na giaboksi ya kwingine, umeunda kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Bodi za namna hiyo zinatengenezwa na kuuzwa hadharani, na ni nzuri mno. Kosa linaanza pale mtu anaponunua hati ya zamani ya Ford ya 1932 isiyo na gari na kuiweka juu ya gari hilo jipya. Linafanywa na watu waungwana, wakiamini ni njia ya mkato isiyomdhuru mtu. Huo ni udanganyifu, na anayeumia mara nyingi ni mnunuzi wa tatu au wa nne, aliyelipa bei ya Ford halisi.

California imeweka mlango halali kwa magari haya tangu sheria iliyopitishwa mwaka 2001. Kila mwaka magari 500 ya kwanza yaliyoundwa kibinafsi hupata cheti cha namba ya foleni, na foleni huanza siku ya kwanza ya kazi ya Januari. Gari lenye cheti hupimwa moshi kwa kufuata mwaka wa gari linalofanana nalo, au mwaka wa injini iliyofungwa. Kwa kuwa California haipimi moshi wa magari ya 1975 na nyuma yake, gari lenye umbo la Ford ya 1932 linapita. Kama bodi haifanani na gari lolote lililowahi kutengenezwa, sheria inalihesabu kuwa la mwaka 1960. Nafasi 500 kwa jimbo kubwa kama lile ni chache, na kwa maoni yangu ni chache kupita kiasi; lakini anayepitia mlango huo hulala usingizi.

Katika njia hiyo utatakiwa kujaza tamko la ujenzi wa gari, kuonyesha risiti za spea, kupata cheti cha ukaguzi wa usalama, na kulipeleka gari kwa polisi wa barabara kuu wakague namba za injini, giaboksi na chasisi. Wakiridhika, gari hupewa namba mpya ya jimbo. Risiti zina kazi mbili: kuthibitisha kwamba spea si za wizi na kwamba kodi ya mauzo imelipwa. Giaboksi uliyoinunua kwa fedha taslimu uani kwa mtu inahitaji hati ya mauziano yenye jina, tarehe, saini, na namba ya gari ilimotoka. Andikianeni palepale. Ukirudi baada ya miaka miwili muuzaji atakuwa amehama, amesahau au amefariki.

Majimbo mengine, Texas na Florida yakiwemo, yanatenganisha makundi mawili: magari ya kabla ya 1949 au yaliyoundwa kufanana nayo, na magari ya baadaye yenye umri usiopungua miaka 25 au yanayofanana nayo. Mstari wa 1948 una mantiki yake. Viwanda vya Marekani vilitoka vitani vikiendelea kuuza miundo ya zamani, na Ford ya 1949 ndiyo iliyofungua sura mpya. Chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya magari, SEMA, kiliandaa mfano wa sheria uliofuatwa na majimbo kadhaa. Chini yake, gari lililoundwa hupewa hati yenye mwaka wa gari linalofanana nalo. Kwa upande wake mwenye gari anakubali kulitumia kwa matembezi ya mara moja moja, maonyesho na maandamano ya magari, si kwa safari za kila siku. Anayepanga kwenda nalo kazini kila asubuhi asome kwanza sharti hilo.

Gari la ajali lina njia yake. Bima ikitangaza kwamba gari halifai kutengenezwa, hati yake hubadilishwa kuwa ya gari chakavu. Likitengenezwa na kukaguliwa, hupewa hati inayosema limejengwa upya, na alama hiyo haifutiki kihalali. Wapo wanaolihamisha jimbo hadi jimbo ili alama ipotee, na mfumo wa taifa wa taarifa za hati, ulioanzishwa kwa sheria ya 1992, upo ili kuwanasa. Msomaji asidhani kwamba ukaguzi huo una maana moja kila mahali. New York humtafuta mwizi wa spea. Haikuthibitishii kwamba breki zinashika.

Hati ikipotea kabisa, majimbo mengi yanaruhusu hati yenye dhamana. Texas, kwa mfano, hudai dhamana ya mara moja na nusu ya thamani ya gari, inayodumu miaka mitatu ili mwenye madai ajitokeze. Zamani watu wa majimbo yote walikimbilia Vermont, ambayo ilisajili kwa posta magari ya zaidi ya miaka 15 bila hati. Mwaka 2023 Vermont ilibana njia hiyo kwa wasio wakazi wake. Ukimwona muuzaji anayekushauri leo kufanya kama zamani, tafuta gari lingine.

Neno kwa ndugu zetu walioko huko wanaotamani kuingiza Land Rover au Land Cruiser waliyokua nayo nyumbani. Sheria ya shirikisho inalisamehe viwango vya usalama gari lililotimiza miaka 25. Lakini kwetu kubadilisha bodi, chasisi na injini ni jambo la kawaida, na gari linaloitwa la 1985 laweza kuwa na sehemu nyingi za 2003. Mwaka 2014 maofisa wa Marekani walikamata Land Rover Defender 40 zilizokwisha kuingizwa nchini na kununuliwa, wakidai zimeingia kinyume cha sheria. Wanunuzi wengi walikuwa na karatasi walizoziamini.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata malipo ya awali, soma namba iliyo kwenye chuma kwa macho yako na uilinganishe na hati, tarakimu kwa tarakimu. Iandikie ofisi ya magari ya jimbo lako, eleza unachokusudia kujenga, na utunze jibu lao. Ikibidi kung'oa kibao, uliza kwanza kama jimbo linakuruhusu. Likikuruhusu, kipige picha kikiwa mahali pake, kikiwa mkononi, na kikisharudishwa, kisha hifadhi riveti za zamani ndani ya bahasha. Bodi iliyooza inachomelewa. Namba iliyofutwa kwa mashine hairudi.