Siku ya Watu Wazima Kisiwani Mbiye

Hapa Kisangani kwenda kuangalia wanyama tumewaachia watoto. Shule inawapeleka, mzazi anatoa pesa ya gari na mkate, kisha anarudi zake sokoni. Katika likelemba yetu, mchango wa zamu wa akina mama wa mtaa wa Makiso, tuliamua kuivunja desturi hiyo. Zamu moja ya mchango hatumpi mtu mmoja anunue mabati au vitenge. Tunaila wote pamoja: siku nzima mtoni na msituni, bila mtoto mgongoni. Kwa kuwa nafundisha biolojia, kupanga safari wameniachia mimi, na kadiri tunavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba msitu wetu unawafaa watu wazima kuliko watoto.

Sababu yake ni subira. Nairobi wana hifadhi ya taifa ukingoni mwa jiji tangu 1946. Huko gari linasimama na twiga yuko mbele yako, peupe. Nyika haifichi kitu. Msitu wa mkoa wetu wa Tshopo unaficha karibu kila kitu, hata wanyama wakubwa. Okapi, ambaye ndiye fahari ya Kongo, watu wa Ituri walimjua na kumwinda tangu zama za mababu, lakini wataalamu wa Ulaya walimpa jina mwaka 1901 tu. Harry Johnston alipopeleka London vipande vya ngozi, walidhani ni aina mpya ya punda milia. Fuvu lilipofika ndipo wakaona kwamba huyu ni ndugu wa twiga. Na habari ya Opala, katika mkoa wetu huu huu, ni ya juzi tu: mwaka 2007 watafiti walimkuta kima mchanga akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule. Wenyeji walimwita lesula, na walimjua vizuri. Vitabu vya sayansi vilimwandika mwaka 2012. Basi mtu asitegemee kwamba msitu utamwonyesha kila kitu kwa asubuhi moja.

Tunakwenda Mbiye, kisiwa chenye urefu wa kilomita 14 hivi, kilicho juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekisoma kwa miaka mingi, kwa sababu ndani yake mna msitu wa nchi kavu, msitu unaofunikwa na maji mto unapojaa, na msitu wa kinamasi, yote karibu karibu. Tunaondoka alfajiri kwa toleka, baiskeli za abiria, hadi ukingoni, tunakubaliana bei na mwenye mtumbwi kabla mtu hajapanda, na jua linatukuta majini. Katikati ya mto huwa nawaambia wenzangu watazame pande zote mbili. Misitu ya upande wa kulia, kaskazini, ni ya sokwe. Ya upande wa kushoto, kusini, ni ya bonobo. Ni ndugu wa damu hawa, lakini hawaogelei, na mto Kongo umewatenga muda mrefu mno hata kila mmoja akawa na umbo lake na tabia zake. Sisi tunauvuka kwa kafi kwenda kununua mihogo.

Kisiwani tunatembea kidogo, tunasimama sana. Kijana wa kisiwa anatangulia na panga, na sharti langu ni moja: kila tunaposimama, kimya hadi masikio yazoee. Mara ya kwanza akina mama walilalamika, "Mwalimu, tumekuja kunyamaza?" Baada ya muda walianza wao wenyewe kunyoosha vidole juu. Hondohondo anasikika kabla hajaonekana, mabawa yake yanapuliza kama mivukuto ya mhunzi. Kasuku wanapita wakipiga miluzi, na hapo huwa nawakumbusha kwamba masanduku mengi ya ndege hawa yamepitia mji wetu kwenda ng'ambo, hadi mataifa yalipokutana Johannesburg mwaka 2016 na kukubaliana kupiga marufuku biashara ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Kima tunawasikia matawini kuliko tunavyowaona. Mwenzetu mmoja muuza samaki ndiye mwenye jicho kali kuliko wote: huokota tunda lililoumwa, akaligeuza, akasema limeliwa leo au jana. Sijapata mwanafunzi wa namna hiyo darasani.

Kwenye chakula nimekuwa mkali, na sioni haya. Tunakula lituma ya ndizi, pondu ya majani ya mihogo, na liboke ya samaki iliyofungwa kwa majani. Nyama ya msituni hapana, hata ikiwa mwenyeji ameitoa kwa moyo mweupe. Katika kundi wako waliowahi kuuza kima wa kukaushwa, nami siwahukumu, maana najua ada za shule zinavyobana. Lakini mji ukizidi kununua, mwindaji atazidi kuingia ndani, na siku moja tutasimama pale chini ya miti tusikie upepo tu. Pesa anayopewa yule kijana wa panga na mwenye mtumbwi ni lazima iwe nzuri. Hiyo ndiyo bei ya kima aliye hai, na tuilipe bila kuvutana.

Alasiri tunashuka kwa Wagenia. Haya ndiyo maporomoko ya mwisho kati ya saba yaliyotapakaa kwenye kilomita kama mia moja kutoka Ubundu, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kuyakwepa. Wavuvi wamesimika magogo mazito kwenye nyufa za mawe, wakayafunga kwa kamba za msituni, na mitego yao mikubwa ya umbo la pia inaning'inia ndani ya maji yanayokimbia. Mwanamume anatembea juu ya gogo linalotetemeka kwenda kuinua mtego, na sisi tulio salama juu ya mwamba ndio tunaoshika vifua. Siku ya bahati anatoa mbenga, yule samaki mwenye meno ya mbwa. Tunalipa kiingilio, tunanunua samaki papo hapo.

Anayetaka kujaribu avae suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole, kwa ajili ya siafu. Aje na koti la mvua mwezi wowote, maana hapa hakuna msimu mkavu wa kweli, ila Januari na Februari kuna nafuu. Zamu ijayo tumekubaliana kwenda Yangambi, kilomita mia moja hivi kuelekea magharibi, kwenye hifadhi iliyotambuliwa na UNESCO tangu miaka ya 1970 na nyumba ya mimea iliyokaushwa ambayo ni kubwa kuliko zote Afrika ya Kati. Muuza samaki ameshauliza kama wataturuhusu kufungua makabati.