Diski ya Mac Haijafa, Mkono Uondoke Kwenye Kitufe

“Papa, mashini inasema tufomate diski. Tufomate?” Swali hili halimwishii fundi wa kompyuta Kolwezi, awe Dilala au Manika. Anayeuliza kwa kawaida ameshika diski ya nje yenye filamu ya harusi. Mpiga picha aliitwa kutoka Lubumbashi, akahariri kazi yake kwenye Mac, akakabidhi diski na kwenda zake. Kompyuta ya nyumbani kwa maharusi ni ya Windows. Mwingine analeta diski aliyoichomoa kwenye mashine ya kamera za ulinzi baada ya bohari yake ya upande wa Musompo kuvunjwa usiku. Mwingine ana diski iliyokaa miaka kwenye seva ya Linux ya ofisi. Wote wanauliza lile lile, na wote wamekwisha kukubali kwamba diski imekufa.

Haijafa. Windows inasoma mipangilio ya diski ya nyumbani kwake: NTFS ya mwaka 1993, FAT32 ya 1996, exFAT ya 2006. Mac iliandika kwa HFS+ tangu 1998, na tangu 2017 kwa APFS. Linux nyingi hutumia ext4. Windows ikikuta mpangilio isioujua, ama inainyamazia diski isiipe hata herufi, ama inadai ifomatiwe kabla ya kutumika. Dai hilo linakuja kwa Kifaransa safi na kitufe chini yake, basi watu wanalipokea kama cheti cha daktari. Kumbe mashine haijapima chochote. Imekosa kuelewa, na dawa pekee iliyo nayo ni kufuta. Mac haina adabu zaidi: ikipewa diski ya ext4 inatangaza kwamba haisomeki, na mojawapo ya vitufe vyake ni cha kuianzisha upya.

Kipimo cha kweli ni chepesi. Fungua sehemu ya Windows ya kusimamia diski, tazama tu, usibonyeze kitu. Diski ya terabaiti 1 ikijitokeza na ukubwa wake (Windows huandika kama GB 931), basi kwa kawaida ni nzima na tatizo ni lugha. Ikigongagonga kwa ndani, au isipotaja ukubwa wake, hapo ndipo pa kuongea habari za ugonjwa. Wanaosema ni virusi, na kuipitishia antivirus diski ambayo Windows haijaweza hata kuifungua, waachwe na furaha yao.

Lakini kuna wasioachika. Ni wale wa vibandani wenye dawa moja kwa kila diski: “Fomati kwanza, halafu tutie programu ya kurudisha, vyote vitarudi.” Dawa hii imeenea kwa sababu ina chembe ya ukweli. Fomati ya haraka haifuti diski nzima. Inaandika makumi ya megabaiti tu, na filamu nyingi zinabaki zilipokuwa. Swali ambalo mwenye dawa hajiulizi ni megabaiti hizo zinaangukia wapi. NTFS huandika mwanzoni mwa diski, mwishoni, na kwa kawaida inaweka orodha yake kuu kwenye gigabaiti ya tatu hivi. HFS+ nayo mara nyingi inaweka katalogi yake, yenye majina ya mafaili na mahali kila kipande kilipo, huko huko karibu na mwanzo. Ni sawa na mnunuzi wa kobalti kuchoma daftari la bohari yake ili apate nafasi ya kuhesabu magunia. Magunia yamo ndani, sawa, lakini la nani, la lini, lilitoka shimo gani?

Kinachorudi kinaonekana wazi kwa anayetumia PhotoRec, programu nzuri ya bure. Inatoa folda ziitwazo recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zimejaa mafaili yenye jina la herufi f na tarakimu. Jina la bibi harusi halimo, tarehe ya faili haitegemewi, mpangilio wa folda umekwenda. Picha nyingi zitafunguka. Filamu ndefu ndiyo balaa: vipande vyake vikiwa vimetawanyika, programu inakamata kichwa na kupoteza kiwiliwili, na faili la MP4 ambalo faharasa yake iko mwishoni halichezi bila mwisho huo. Halafu kijana wa kibandani anahifadhi alivyookoa juu ya diski ile ile anayoiokoa.

Na hiyo ndiyo fomati ya haraka. Anayeondoa alama ya haraka ili “isafishe vizuri” ajue kwamba tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri diski nzima. Baada ya hapo hakuna programu, ya bure wala ya dola mia.

Zaidi ya yote, dawa yenyewe haina akili. Ikiwa ipo programu ya kuchimba mafaili ya Mac baada ya kuyavuruga, inakosekanaje ya kuyasoma kabla? Haikosekani.

Njia ya kwanza: rudisha diski kwa Mac, nakili kwenye diski nyingine ya exFAT. Hakuna Mac? HFSExplorer inasoma HFS+ ndani ya Windows, bure. Ama washa kompyuta kwa flashi yenye Linux ya Ubuntu: inafungua ext4, NTFS na HFS+; APFS ndiyo inayosumbua. Kwenye Windows 11, WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) inaweza kufungua ext4. Mashine mbili zikiwa karibu, tuma faili kwa mtandao wa simu ya mkononi iliyofanywa hotspot, maana kupitia mtandao hakuna anayejali mpangilio wa diski ya mwenziwe. Mac yenyewe inasoma NTFS lakini haiandiki. Mpiga picha akabidhi kazi kwa exFAT tangu mwanzo, si FAT32, ambayo haipokei faili la GB 4 au zaidi. Lakini exFAT haina jarida la kujikinga, kwa hiyo diski itolewe kwa utaratibu kabla umeme haujaitoa wenyewe. Diski ya kamera za ulinzi irudishwe kwenye mashine yake, kwa kuwa mashine nyingi kati ya hizo zina mpangilio wa kiwandani, na picha zitolewe kutoka humo hadi flashi. Kadi ya kumbukumbu ya simu ya Android iliyofanywa hifadhi ya ndani imefichwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu hiyo. Hiyo inasomwa na simu ile ile peke yake.